Je, Wajua? Mvua, Udongo na Tope, Kutoka Daudi Hadi Katesh

Kata ya Daudi, katika Halmashauri ya Mji wa Mbulu, ni nchi ya miteremko inayolimwa mwaka nenda mwaka rudi. Kusini yake, wilayani Hanang, mji wa Katesh umekaa chini ya mlima mrefu. Pande hizi mbili za Mkoa wa Manyara zina adui mmoja. Kwenye shamba la mteremko udongo huondoka kidogo kidogo hadi ardhi inachoka. Mlimani unaweza kuondoka wote kwa mkupuo, ukabeba nyumba na watu. Hatari zote mbili hupimika kabla wingu halijatanda, na vipimo vingi haviwashindi wanakijiji wenyewe. Anayeishi kwenye mteremko au chini yake anastahili kuyajua haya.

KATESH, DESEMBA 2023

Je, wajua kwamba tope la Hanang liliwakuta watu wengi wakiwa bado majumbani? Ilikuwa Jumapili, Desemba 3, 2023, mnamo saa 11:30 alfajiri. Maji, udongo, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakapita Katesh na vijiji vya jirani, kikiwemo Gendabi. Watu 89 walipoteza maisha. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi wa COP28, alikatiza ziara yake akarudi nyumbani.

Je, wajua kwamba hakuna volkano iliyolipuka siku ile? Hanang ni volkano kwa asili yake, lakini serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua hadi ikazidiwa uzito na kukatika. Tope hilo lilifuata mikondo ya maji kuelekea kwenye makazi, likiongeza mawe na miti njiani.

Je, wajua kwamba Hanang, wenye mita 3,420, ni mlima wa nne kwa urefu Tanzania? Umesimama peke yake, na kilele chake kiko zaidi ya mita 1,500 juu ya Katesh, ilhali umbali kati yao haufiki kilomita 10. Maji yanayoanzia juu huko hayana pa kupumzika kabla ya kufika mjini.

Je, wajua kwamba msimu ule ulikuwa umetabiriwa kuwa wa mvua nyingi? Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilikuwa imetangaza mapema kwamba vuli ya 2023 ingekuwa na mvua za juu ya wastani kwa sababu ya El Niño. Utabiri wa msimu hukwambia mvua itakuwa nyingi. Haukwambii ni korongo lipi litaleta tope, na hapo ndipo kazi ya kupima mteremko wako mwenyewe inapoanzia.

TONE LA MVUA

Je, wajua kwamba tone kubwa la mvua hugonga ardhi kwa kasi ya takriban mita 9 kwa sekunde? Likikuta udongo mtupu, linapasua vibonge na kurusha chembe pembeni. Chembe laini huziba vitundu vya ardhi, maji yanakosa pa kuingia, yanaanza kutiririka. Mmomonyoko huanza hapo, kabla hata ya kijito kuonekana.

Je, wajua kwamba milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita moja ya mraba? Kwa hesabu hiyo, mvua ya milimita 50 huangusha kwenye ekari 1 lita zipatazo 200,000, yaani ndoo 10,000 za lita 20. Swali la kila mkulima wa Daudi ni hili: ndoo hizo zinaingia ardhini, au zinakwenda bondeni na udongo wako?

Je, wajua kwamba milimita hizo 50 ndani ya saa 24 ndicho kipimo ambacho TMA hukitumia kuita mvua kuwa kubwa? Taarifa zake za hali mbaya ya hewa zina ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Redio ikitaja mojawapo kwa Mkoa wa Manyara, anayekaa kando ya korongo asiisikilize kama habari ya kawaida.

Je, wajua kwamba mvua ya mwisho mara nyingi hubebeshwa lawama za mvua zilizotangulia? Siku nyingi za manyunyu hushibisha udongo wa mlimani. Ardhi ikishashiba, hata mvua ambayo mwezi uliopita ingepita salama inatosha kuuporomosha mteremko.

Je, wajua kwamba mwaka 1980 mtaalamu Nel Caine alikusanya taarifa za maporomoko kutoka sehemu mbalimbali za dunia, akachora mstari wa chini kabisa wa mvua inayoweza kuyaanzisha? Kwa mstari wake, mvua ya saa 10 huanza kuwa ya hatari ikifika takriban milimita 60, na ya saa 24 ikifika takriban milimita 100. Kila mlima una mstari wake, na hujulikana tu pale ambapo mtu anapima mvua kila asubuhi na kuandika. Kipimamvua kimoja shuleni, daftari na mwalimu makini: hiyo tayari ni kazi ya sayansi.

SHAMBA LINAPOPUNGUA

Je, wajua kwamba majaribio ya mwanzo kabisa ya kupima mmomonyoko Afrika yalifanyika Mpwapwa? Katika miaka ya 1930, R. R. Staples alitenga vipande vya ardhi akapima maji na udongo uliotoka katika kila kimoja. Kwenye ardhi tupu, nusu ya mvua ilitiririka na kuchukua takriban tani 146 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Kwenye shamba la uwele ziliondoka takriban tani 78. Penye nyasi, maji yaliyotiririka hayakufika asilimia 2, na udongo haukuondoka. Mvua ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni kile kilichoifunika ardhi.

Je, wajua kwamba milimita 1 tu ya udongo ikiondoka kwenye hekta 1 ni takriban tani 13? Jicho haliwezi kuiona. Ndiyo maana shamba huweza kuliwa kwa miaka mingi huku mwenyewe akilaumu mbegu.

Je, wajua kwamba kuunda sentimita 1 ya udongo wa juu kwa kawaida huchukua zaidi ya karne? Udongo ulioondoka hautarudi katika maisha yetu, wala ya wajukuu wetu.

Je, wajua kwamba dunia nzima hukadiria mmomonyoko kwa kuzidisha mambo machache? Kanuni hiyo ni ya Wamarekani Walter Wischmeier na Dwight Smith, iliyotolewa kama mwongozo mwaka 1965 na kuboreshwa 1978. Unachukua ukali wa mvua, ulegevu wa udongo, urefu na ukali wa mteremko, kilichoota juu ya ardhi, na hatua za kinga kama matuta. Unazidisha, unapata tani kwa hekta kwa mwaka.

Siri ya kanuni hiyo iko kwenye neno kuzidisha. Mvua ya Mbulu huwezi kuipunguza, na mlima huwezi kuulaza. Lakini ukishusha namba moja tu, ile ya kilichoota juu ya ardhi, jibu lote linashuka nayo. Mkulima anayeacha mabua ya mahindi shambani badala ya kuyachoma amebadilisha hesabu ya kata yake.

Je, wajua pia kwamba kanuni hiyo haipimi makorongo wala maporomoko? Ilitengenezwa kwa udongo unaooshwa juu ya uso wa shamba. Ramani iliyochorwa kwayo inaweza kuonyesha rangi ya kijani ya usalama kwenye msitu mkali wa mlimani, ilhali mteremko huohuo siku moja unaweza kukatika wote. Afisa anayeleta ramani kijijini aulizwe: hii ni ya mmomonyoko, au ya maporomoko? Kila moja inahitaji vipimo vyake.

Je, wajua kwamba Ziwa Manyara halina mto unaotoka? Mashapo yanayoshushwa na mito kutoka nyanda za juu yakifika humo yamefika mwisho wa safari. Kwa sababu hiyo tope la ziwani limekuwa daftari la historia. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na Chuo Kikuu cha Plymouth cha Uingereza wametoboa tope hilo, wakalisoma tabaka kwa tabaka kwa kupima madini ya risasi yenye mionzi yaliyomo, na kuona jinsi udongo unaoingia ziwani ulivyoongezeka katika miaka 120 iliyopita.

MLIMA UNAPOKATIKA

Je, wajua kwa nini mawe makubwa kama nyumba husafiri kwenye tope? Tope la mlimani ni zito kama zege bichi. Linaweza kufikia karibu mara mbili ya uzito wa maji. Jiwe ndani ya maji hubaki na takriban theluthi mbili ya uzito wake. Ndani ya tope hilo hubaki na robo tu. Kinachobaki husukumwa kwa urahisi, na mara nyingi mawe makubwa ndiyo hutangulia mbele.

Je, wajua kwamba Tanzania ina mfano wa maporomoko uliopimwa vizuri kuliko ya nchi nyingi? Februari 23, 1970, mvua ya takriban milimita 100 ilipiga Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, kwa muda usiozidi saa 3. Maporomoko zaidi ya 1,000 yalitokea. Anders Rapp, Paul Temple na wenzao, katika mradi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, waliyapitia na kuyahesabu. Karibu yote yalianzia kwenye mashamba, nyasi na ardhi iliyopumzishwa. Yaliyoanzia msituni hayakufika 1 katika kila 100.

Je, wajua kwamba msitu hauzuii kila kitu? Mizizi hushika tabaka la juu, mita moja au mbili. Mpasuko ukitokea chini zaidi, kwenye mwamba uliooza, miti huondoka pamoja na ardhi, kisha inakuwa magogo yanayovunja nyumba. Hanang una msitu wa hifadhi na bado tope lilishuka. Tuutunze msitu kwa nguvu zote, huku tukikumbuka kwamba kujenga kwenye njia ya tope ni kosa hata penye miti.

Je, wajua kwamba wenzetu wameyapitia haya haya? Novemba 2009 ardhi iliporomoka Mamba Miamba, wilayani Same, ikaua zaidi ya watu 20. Machi 1, 2010 kijiji cha Nametsi huko Bududa, Uganda, kwenye Mlima Elgon, kilifunikwa na mamia wakafa au kupotea. Agosti 14, 2017 ilikuwa zamu ya Freetown, Sierra Leone, ambako waliokufa na kupotea walizidi 1,000.

Je, wajua kwamba kalavati lililoziba linaweza kuua? Aprili 29, 2024, karibu na Mai Mahiu nchini Kenya, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli ambalo kalavati lake lilikuwa limeziba. Tuta lilipoachia, zaidi ya watu 50 walikufa. Kila mtaa wenye barabara kando ya mlima una kalavati la kukagua kabla ya masika.

Je, wajua kwamba poromoko la kwanza linaweza kuwa mtego? Huko Gofa, Ethiopia, Julai 2024, watu walikimbilia kufukua wenzao. Ardhi ikakatika mara ya pili ikawafunika waokoaji, na waliokufa wakazidi 200. Kuokoa ni wajibu, lakini mmoja lazima abaki akiutazama mlima, tena awe mwenye sauti ya kutosha kuwaonya wenzake.

KUPIMA KWA MACHO NA KAMBA

Je, wajua kwamba mizizi ya mti ni rula? Tafuta mti ambao mwenyewe anaukumbuka umri wake. Ikiwa ulipandwa miaka 20 iliyopita na sasa shingo ya mizizi imeachwa juu kwa sentimita 10, shamba hilo limepoteza wastani wa milimita 5 kila mwaka. Kwa hekta moja hizo ni takriban tani 65 kwa mwaka. Pima miti kadhaa usije ukadanganywa na mmoja ulio kwenye mkondo wa maji.

Je, wajua kwamba ukali wa mteremko hupimwa kwa kamba na fito? Vuta kamba ya mita 10 ikae sawa na maji yaliyotulia, kisha pima kimo kutoka ncha ya upande wa bondeni hadi ardhini. Ikiwa ni mita 1, mteremko ni asilimia 10, na matuta na majani vinauweza. Ikiwa ni mita 6, uko kwenye nyuzi 31 hivi, na hapo ardhi iliyoshiba maji inaweza kuteleza yenyewe. Sehemu hiyo iachiwe miti.

Je, wajua kwamba tope la kale huacha saini? Chini ya mlima, angalia mdomo wa korongo linapofunguka kwenye tambarare. Ukikuta ardhi iliyotandazika yenye mawe makubwa yaliyochanganyika na udongo bila mpangilio, jua kwamba tope limewahi kufika hapo. Chimba shimo la choo au kisima, usome kuta zake: tabaka la mawe na udongo wa kuchanganyika likiwa juu ya udongo mweusi wa shamba la zamani ni ushuhuda. Tope lilipopita jana ndipo litapita kesho.

Je, wajua dalili za mwisho? Nyufa mpya juu ya mteremko. Miti na nguzo zilizoanza kuinama. Chemchemi inayotokea pasipokuwa nayo. Mto unaochafuka ghafla, au unaopungua huku mvua ikiendelea, kwa maana kuna kitu kimeuziba juu. Muungurumo usiokwisha. Ukiona au kusikia mojawapo, ondoka kwenda pembeni, juu kutoka kwenye mkondo. Usikimbie kulifuata bonde, tope litakushinda mbio. Kisha piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

KINGA

Je, wajua kwamba Kainam, iliyo katika halmashauri moja na Daudi, ni darasa la hifadhi ya udongo? Eneo hilo, ambalo Wairaqw hulitambua kama chimbuko lao, limelimwa kwa vizazi vingi kwenye miteremko mikali huku watu wakiwa wengi. Siri yao ni kazi ya mikono: samadi ya ng'ombe wanaolala nyumbani, nyasi zinazofukiwa zioze, vijitaro vya kuyaongoza maji, na mabonde yanayotunzwa. Hakuna aliyewapa hati ya mradi. Watafiti wa kigeni wamekwenda kujifunza kwao, na vijana wa Manyara wanapaswa kuwa wa kwanza kukaa chini ya wazee hao.

Je, wajua kwamba matuta ya kulazimishwa yaliwahi kuzaa ghasia? Mpango wa wakoloni wa kuwachimbisha Waluguru matuta ya ngazi uliishia kwenye vurugu za Matombo mwaka 1955. Tangu hapo fundisho liko wazi: hifadhi ya ardhi hudumu pale mwenye shamba anapoiona faida yake.

Je, wajua kwamba ardhi iliyokufa inaweza kufufuka? Kondoa, jirani zetu, ilikuwa na makorongo yaliyotisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Majani na miti vilirudi. Bei yake kwa wafugaji ilikuwa kubwa, na ndiyo sababu ni nafuu kuzuia kuliko kutibu.

Je, wajua kwamba fremu ya A, yaani miti mitatu, kamba na jiwe, inatosha kuchora mistari ya kontua kwenye shamba zima? Pandia mistari hiyo matete au majani ya vetiva, na mifugo yako imepata chakula huku udongo ukisimama.

Je, wajua kwamba sheria iko upande wako? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kama kijiji chako hakijawahi kusikia kamati yake ikikutana, ulizeni kwenye mkutano mkuu ujao.

Je, wajua kwamba Japani huchora ramani za njano na nyekundu za maeneo ya tope? Sheria ya kuzichora ilipitishwa mwaka 2000, baada ya maafa ya Hiroshima ya Juni 1999. Agosti 2014 tope liliua zaidi ya watu 70 katika mji huohuo, kwenye mitaa ambayo mingi ilikuwa bado haijachorewa ramani, na sheria ikabadilishwa ili matokeo ya uchunguzi yatangazwe mapema. Ramani iliyo kabatini haiokoi mtu.

Je, wajua kwamba watu wanaweza kuokoka hata pale nyumba zisipookoka? Aprili 14, 2024 tope lilifukia nyumba na shule huko Itezi, jijini Mbeya. Hakuna aliyekufa. Na wilayani Hanang, serikali na wadau wamejenga zaidi ya nyumba 100 eneo la Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi. Nyumba mpya mahali salama ni haki ya waliosalimika, lakini ingekuwa bora zaidi kuhama kabla ya msiba.

Kwa hiyo, kabla ya masika ijayo, wenyeviti wa vijiji vya Daudi, Katesh na kote chini ya miteremko wapange siku moja ya kupanda. Waende wazee wanaokumbuka mafuriko ya zamani, vijana wenye simu za kupiga picha, afisa ugani na mwalimu wa jiografia. Wapime mteremko, wahesabu nyufa, wakague makalavati, waandike majina ya kaya zilizo kwenye mdomo wa kila korongo. Wakirudi, wakubaliane kwenye mkutano wa kijiji ni nani atapiga kengele usiku na watu watakimbilia wapi. Kazi hiyo inahitaji siku moja na kamba ya mita 10, na hakuna sababu ya kusubiri bajeti ya mtu yeyote.